Kioo Chenye Alama ya Kidole

Juzi mmoja wenu, sitamtaja maana mwenyewe anajijua, alichukua kitambaa na maji ya moto akataka kusugua kioo cha picha kilichomo katika lile kasha la mninga. Alisema kina uchafu pembeni, alama ya kidole gumba cha mtoto, na mteja akiiona atatuona wachafu. Nilipiga ukelele ambao hata mimi sikujua kama bado ninao. Sasa macho yangu yamekwisha, kazi nimewaachia, na kabla hamjasugua na mengine, kaeni niwaeleze. Mambo ya mshahara sitayasema, mtacheka bure. Nitawaeleza lile kasha, kwa sababu mimi na lile kasha tulianza kazi siku moja.

Mimi ni Mnyamwezi, nilifika Morogoro na mzigo kichwani kama baba yangu na babu yangu. Reli ilikuwa bado. Mjini tukakuta Mdachi mmoja anatafuta wapagazi wa kupanda Uluguru, kwenye machimbo ya ulanga. Ulanga mnaujua, yale mawe yanayopasuka kurasa kurasa na kung'aa, Wazungu wanayaweka kwenye taa na majiko yao. Nilipewa kasha hilo, nikaambiwa twende. Hakuna aliyeniambia ndani mna nini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi, wanasema, lakini ule ulikuwa mzito kweli, na njia ya Uluguru imesimama wima mtu anaweza kuilamba.

Tulipofika juu, wenzangu waliokodishwa mjini waliitupa mizigo yao chini wakaanza kulalamika. Mimi nilipiga goti, nikainamisha shingo, nikalitua kasha kwa mikono miwili. Si kwa sababu nilijua kitu. Ndivyo Mnyamwezi anavyotua mzigo, hata ukiwa wa mawe. Mdachi akafungua makasha yote. Mengine yalilia chwa chwa chwa kabla hata hayajafunguliwa, vioo vimevunjika ndani. Langu lilikuwa na vioo vitupu vya picha, vimesimama kila kimoja katika mfereji wake, vizima. Akaninyooshea kidole na kusema neno moja. Mtu mmoja wa pwani aliyevaa kanzu akanitafsiria: "Anasema ukae. Ndiyo umeajiriwa hivyo, usitafute maneno mengine."

Huyo wa kanzu alikuwa Fundi Abdala, mtu wa Bagamoyo, na yote niliyowafundisha ninyi nilifundishwa na yeye. Alichukia baridi ya mlimani kuliko alivyomchukia shetani. Alinifundisha kuchuja maji ya mto kwa kitambaa cha marekani, tena mara mbili, maana chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye uso wa mtu utadhani ana ndui. Alinifundisha kwamba dawa ya kutokeza picha hulala kwa baridi ya mlimani asubuhi, lazima uipashe moto kidogo, na ukizidisha, ule utando wa kwenye kioo unateleza wote kama ukoko wa uji. Taa yetu nyekundu ya chumba cha giza ilikuwa na dirisha la ulanga badala ya kioo, kwa kuwa ulanga hauogopi moto. Na kila siku kabla sijagusa kitu alinisemesha maneno haya haya: "Pembeni ni pako, katikati ni pa mwenyewe." Yaani shika kioo kingoni, vidole vyako visifike penye sura ya mtu.

Bwana wetu, yule Mdachi, watu walimwita Guo Jeusi, kwa sababu ya lile guo alilojifunika kila alipochungulia kamera. Kampuni ilimlipa apige picha za mashimo, mitambo na marundo ya ulanga, ili wakubwa wa Ulaya waone mali yao. Lakini yeye alipenda watu. Alipiga wanawake wakikata ulanga kwa visu vidogo, alipiga gulio la ndizi, alipiga mwali akitolewa nje siku ya ngoma yake, mafuta yanamng'aa mpaka mabegani. Kisha akiandika jina la picha anaandika, "Mwanamke wa Kiluguru na ndizi." Fundi Abdala alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Sasa huyu ni nani? Wote ni wanawake wa Kiluguru, na wote wana ndizi!" Akachukua sindano, akakwaruza jina la mtu ukingoni mwa kioo kwa herufi za Kiarabu, ndogondogo. Bwana aliona, hakukataza. Reli ilipofika Morogoro, Fundi Abdala alisema mlima umemshinda, akapanda treni aende kwao pwani. Alishuka Ngerengere kumwona dada yake siku mbili, akaoa huko huko, na mpaka leo pwani hajaiona. Kasha na sindano vikabaki kwangu.

Sasa niwaeleze habari ya Mloka, maana kioo kile kinaanzia kwake. Alikuwa kijana wa hapo hapo mlimani, mchimbaji, mrefu, mwenye meno ambayo hayakujua kufichwa. Mwenzenu wa Tanga hajui utani wa huku, kwa hiyo namweleza: Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akachukua kuku wako, na ukikasirika wewe ndiwe mjinga. Na mtu akifa, watani ndio wenye kazi ya kuzika. Wafiwa wanalia, watani wanachimba kaburi na kufanya mzaha ili watu wasife wote kwa huzuni. Mloka alinikamata tangu siku ya kwanza.

"We Mnyamwezi! Shingo umeisahau Tabora? Naona kichwa kimekaa juu ya mabega tu."

"Na ninyi mguu mmoja mrefu mmoja mfupi kwa kutembea ubavuni mwa mlima! Ukishuka mjini kwenye tambarare utazunguka palepale mpaka jioni."

"Siku nikifa, mtani, nizike mahali pa tambarare basi, nipumzike mguu!"

"Nitakuzika ukiwa umesimama, mrefu wee, kuchimba shimo refu mimi siwezi."

Ilikuwa hivyo kila siku. Siku moja Bwana alimwona anacheka mdomoni mwa shimo, udongo umemjaa mpaka kwenye kope, akajitupia guo lake jeusi akampiga picha. Jioni nilikitokeza kioo kile, nikakianika. Mloka akaja kujitazama. Mnajua kioo kabla hakijatoa picha ya karatasi kinaonyesha mambo kinyume, cheusi cheupe, cheupe cheusi. Alipoona uso wake mweupe pe na meno meusi, alishika kiuno. "Ala! Kumbe ndani mimi ni Mdachi! Na meno yangu ya mkaa!" Akacheka, akainama, na kabla sijamzuia akakishika kioo kilicho bado kibichi. Dole gumba likaingia pembeni kwenye utando, mistari yake yote ikabaki kama imechongwa. Nikamwita majina ambayo siwezi kuyarudia. Bwana alipoiona ile alama alinuna, lakini kioo hakukitupa, kwa kuwa katika vyote alivyopiga mlimani hakuna kilichokuwa na uhai kama kile. Mloka alienda kwao akajitapa kijiji kizima kwamba kidole chake kimekaa nyumbani kwa Mzungu na hakilipi kodi.

Masika yaliyofuata mlima ulikatika. Ulinyeshewa hadi ukachoka, na ubavu mzima ukashuka juu ya shimo alimokuwa Mloka, pamoja na vibanda walimolala wachimbaji na vitu vyao. Wenzake walikuwa nje wanakula, yeye alikuwa amerudi kuchukua sururu. Tulichimba, kampuni ikachimba, mjomba wake Mzee Kobelo akaja na ukoo mzima wakachimba. Kila ulichotoa, mlima uliongeza. Mwishowe kampuni ikafunga mahali pale na kufungua shimo jingine upande wa pili. Niliumia sana. Nilikuwa na matusi mengi niliyoyaweka ya kumwambia na hakuna wa kumwambia.

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na jina la marehemu linarithiwa huko huko, kwa dada zake. Dada yake Mloka alikuwa na mtoto mchanga wa kiume ambaye jina la Mloka lilikuwa lake. Lakini jina halitoki kwa mtu asiyezikwa. Bila maziko matanga hayavunjwi, na mama yake, Bi Chausiku, alikuwa amekaa chini kwenye mkeka hanyoi, haogi, hatoki. Mtoto akawa anaitwa "huyu." Wazee walikuwa na njia yao: mtu akipotea majini au porini huzikwa mgomba mahali pake. Ila mgomba mtupu ni mgomba tu. Lazima ufungiwe kitu kilichotoka mwilini mwake, au kilichoshika mwili wake, nguo au unywele. Vitu vya Mloka vyote vilikwenda na kibanda.

Nilipofika matangani Mzee Kobelo alinishika mkono. "Mtani, kazi ya kuzika ni yako. Na maiti yako unayo wewe mwenyewe, ndani ya kasha lako."

Nikajifanya sielewi. Bi Chausiku akasema kutoka pale chini, sauti imekauka: "Aliniambia mwenyewe. Mama, kidole changu kimebaki kwenye kioo. Nakitaka hicho kidole nikizike."

Nilirudi kwa Bwana nikamweleza yote, polepole, na Kiswahili chake sasa kilikuwa kizuri. Alisikiliza. Akasema kioo ni mali ya kampuni na hakitoki, lakini atawapa picha ya karatasi, kubwa, nzuri. Aliichapa kwa mkono wake. Nikaipeleka. Bi Chausiku aliigeuza, akaipapasa, akainusa.

"Hii ni nini?"

"Ni mwanao, Bi Chausiku. Mtazame."

"Aliigusa?"

"Hapana. Imetoka jana."

"Basi si yeye. Jana alikuwa chini ya udongo." Akanirudishia.

Nilirudi kwa Bwana mara ya pili, akanifukuza kabla sijamaliza salamu. Nikakaa nje ya chumba cha giza nikafikiri. Kazi yangu ilikuwa kutunza vioo, na sikuwahi kuvunja hata kimoja. Lakini kabla ya kuwa mtunza vioo nilikuwa mtani, na hilo hakunipa Mdachi. Asubuhi Bwana alipotoka na kamera kwenda shimo jipya, nilifungua kasha nikatoa kioo cha Mloka. Katika mfereji wake nikasimamisha karatasi ya ulanga, ili asije akadhani amehesabu vibaya. Nikamwambia mpishi wake, kwa sauti, wote wasikie: "Bwana akiuliza, mwambie mtani amechukua chake."

Tuliupasua mgomba katikati, tukakilaza kioo humo, uso juu, tukafunga kwa kamba za mgomba na kuvika sanda. Kabla sijafunga nilimpa Bi Chausiku. Hakutazama sura. Alitafuta ile pembe kwa vidole mpaka akaipata, akaweka dole gumba lake juu ya lile la mwanawe, akalia kilio ambacho sijapata kusikia kingine kama hicho. Kaburi nilichimba mimi na Wanyamwezi wenzangu wawili wa machimboni. Nilitafuta mahali tambarare, na Uluguru si mchezo, tulizunguka sana. Niliposema kwa nguvu, "Haya, mrefu wee, pumzisha mguu wako," wafiwa walicheka huku wanalia, ndivyo inavyotakiwa. Siku ya kuvunja matanga mama akanyoa, na mtoto akainuliwa juu akaitwa Mloka.

Bwana alikuwa ananingoja kwenye kiti. "Kioo kiko wapi?" Alikuwa si mtu mbaya, na nadhani alinifungulia mlango. Akasema, "Vioo huvunjika. Kama kimevunjika, sema kimevunjika, tumalize."

Nilikuwa na neno hilo mdomoni. Lakini mtani anaruhusiwa kumsemea mtani wake uongo wote wa duniani isipokuwa mmoja: hawezi kusema hakumzika. Nikasema, "Kimezikwa, Bwana."

Nikapelekwa bomani, nikala hamsa ishirini yangu, viboko ishirini na vitano. Mkiniona kwenye benchi nakaa upande upande msidhani ni uzee peke yake. Niliporudi mlimani nilijua nimekwisha kazi, nikaanza kufunga mkeka wangu. Bwana akatoa kichwa mlangoni mwa chumba cha giza, mikono imejaa dawa mpaka viwikoni, utando wa kioo umemteleza wote. "Dawa inapashwa kiasi gani?" Nikaingia nikampashia. Hatukulizungumza tena. Ila hakuwahi kuweka kioo kingine katika mfereji ule, na ile karatasi ya ulanga hakuitoa.

Halafu vikaja vita. Meli za Ulaya zikakoma, vioo havikuja, dawa haikuja. Hospitali ya majeruhi mjini ikahitaji madirisha. Likatoka agizo: vioo vyote vya picha vya machimboni visuguliwe, vikatumike. Wa kuvisugua alikuwa nani tena kama si mimi? Maji ya moto na magadi. Nilianza na mashimo na mitambo, nikijidanganya kwamba itatosha. Haikutosha. Mwali wa ngoma akatoka. Wanawake wa ulanga wakatoka, mmoja mmoja, na majina yao tuliyoyakwaruza kwa sindano yakatoka nao. Kila kimoja nilimwita mwenyewe kwa jina kabla sijamwaga maji, sikuwa na la kufanya zaidi ya hilo. Bwana alisimama mlangoni, akashindwa, akaondoka. Picha za karatasi alizokuwa nazo alikuwa amezituma kwao zamani. Ile kubwa ya Mloka nilibaki nayo mimi, ikaliwa na mchwa. Vita vilipopanda mlimani hata madirisha yale yakavunjika. Bwana alikwenda na jeshi lao, sikumwona tena. Nikashuka mjini na kasha kichwani, ndani mna ile karatasi ya ulanga tu, nikalitua katika duka hili la picha, kwa magoti, na tajiri mwenye duka akaniambia nikae.

Mnakumbuka mkubwa mmoja wa serikali hii mpya aliyekuja kuuliza picha za zamani za wachimbaji wa ulanga? Tajiri alijikuna kichwa, na mmoja wenu akaropoka kwamba mzee anajua kilipozikwa kimoja. Mkanisihi. Mkasema kioo hakiozi, kifukuliwe, kisafishwe, ndicho pekee kilichobaki katika mlima mzima. Ni kweli, ndicho pekee. Vile vyote nilivyovitunza vimepotea, na kile nilichokitoa ndicho kizima. Nililifikiri hilo siku nyingi, mwishowe nikapanda mlima kwenda kuuliza wenyewe.

Mzee Kobelo amekufa. Bi Chausiku yupo, amepinda, haoni mbali. Nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka kwanza.

"Lo! Mtani! Wenzako wanachimba viazi, wewe umekuja kuchimba maiti?"

"Nimetumwa tu, Bi Chausiku."

"Waambie yule amelala. Nilimlilia mpaka nikamwona amelala, simwamshi kwa ajili ya mkubwa yeyote." Kisha akasema, "Lakini ninyi mnataka picha ya Mloka wa machimboni. Si yupo?" Akaita kwa nguvu, na mtoto akatoka nyuma ya nyumba, mrefu tayari, meno nje.

Ndiyo siku ile mliyoshangaa kuniona naingia dukani na bibi kizee na mtoto, na kupiga picha mwenyewe na macho yangu haya. Mkubwa wa serikali hakuitaka, alisema si ya zamani. Sawa. Mlikuwa mmetoka kula nilipokitokeza kioo na kukianika. Mtoto alipojiona mweupe pe na meno ya mkaa alicheka kicheko ambacho nilikuwa nimekizika kwa mikono yangu, nikatafuta ukuta wa kuegemea. Bi Chausiku akaniuliza, "Bado kibichi?" Nikasema bado. Akamshika mjukuu wake mkono, akapapasa mpaka akaipata pembe ya kioo, akalikandamiza hapo dole gumba la mtoto.

Basi ndicho hicho, kimesimama kwenye mfereji ule, mbele ya karatasi ya ulanga. Osheni mikono, pasheni dawa kwa kiasi, chujeni maji mara mbili. Pembeni ni pako, katikati ni pa mwenyewe. Kwa kioo kile kimoja tu, hata pembeni ni pa mwenyewe.